Fundi Mzuri, Tatizo Cheti

Tumenyamaza vya kutosha, na kunyamaza hakujatupa kazi. Sisi ni mafundi wa Mombasa na pembezoni mwake, kuanzia Likoni mpaka Mtwapa, pamoja na wachache wa Kilifi na Malindi: waashi, maseremala, mafundi bomba, mafundi umeme, mafundi wa kuchomelea vyuma, washonaji. Nyumba nyingi mnazolala tumezitia mkono. Kando ya ufundi, kinachotuunganisha ni kwamba kila mmoja wetu amewahi kuwa mgeni wa serikali, iwe seli au jela. Kuna aliyekaa miezi mitatu, kuna aliyekaa miaka minane. Wengi wetu tulihukumiwa, tukatumikia, tukatoka. Siku ya kutoka tulirudishiwa nguo tulizoingia nazo, tukawaaga nyapara na askari jela, tukadhani deni limelipwa.

Kumbe lile deni lina stakabadhi isiyokwisha muda.

Ukitaka kazi yenye mkataba katika Kenya hii, mapema au baadaye utaulizwa cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Huulizwa walimu, madereva na makondakta wa matatu, walinzi wa kampuni, na wanaokwenda kutafuta riziki Saudia na Qatar. Siku hizi huulizwa hata mtu anayekwenda kubadilisha bomba la choo hotelini. Utaratibu wake si mgumu: unaomba kwenye eCitizen, unalipa shilingi 1,050, unachapisha fomu, unapeleka vidole vikachukuliwe alama, unasubiri. Kama hujawahi kuhukumiwa, cheti kinatoka safi. Kama umewahi, kosa lako linaandikwa humo. Maana yake ni kwamba tunatoa shilingi 1,050 mfukoni mwetu kununua habari ambayo sisi wenyewe ndio tuliokuwa wa kwanza kuijua.

Na habari hiyo haizeeki. Bunge halijatunga sheria ya kusema kwamba kosa la mtu mzima, likikaa miaka kadhaa bila kurudiwa, liondolewe kwenye cheti anachopelekewa mwajiri. Mwenzetu mmoja alihukumiwa akiwa na miaka 19 kwa misokoto ya bangi. Leo mtoto wake wa kwanza amemaliza kidato cha nne, ndevu zake zina mvi, ni mwashi anayeaminiwa na msikiti mzima wa mtaani kwao, lakini kwenye karatasi bado ni yule kijana wa miaka 19. Njia iliyo wazi ni kumwandikia Rais kuomba msamaha chini ya kifungu cha 133 cha Katiba. Kwa misokoto! Mtu ana nyufa za kuziba na plasta ya kupiga, aanze kuandikiana na Ikulu?

Tuseme jambo moja kabla hatujaambiwa tunajitetea. Hatusemi hatukukosa. Wapo kati yetu walioiba, na walioibiwa wanawakumbuka. Wapo waliopigana mpaka mtu akaumia. Kuna mmoja wetu aliyekuwa akipika chang'aa, na mpaka leo anaona sheria ndiyo iliyokosea (hilo tumemwachia mwenyewe). Lakini wapo pia walioingia kwa mlango ambao watu wengi hawaujui, nao ni mlango wa kukiri.

Hebu tuwaeleze unavyofanya kazi. Umekamatwa Ijumaa jioni katika msako. Umelala seli wikendi nzima, umesimama, hakuna pa kukaa. Jumatatu unafikishwa mahakamani pamoja na wenzako kumi na kitu. Mzoefu mmoja mle ndani ananong'ona, "Ndugu yangu, kubali tu. Ukikubali utapigwa faini ndogo, saa sita uko nyumbani. Ukikataa utarudishwa rimandi, kesi ivutwe miezi sita." Wewe una kazi ya watu hujaimaliza, mke hana habari, simu imeshikwa na polisi. Unakubali. Faini inalipwa na shemeji. Saa sita kweli uko nyumbani, unakula wali, unamsifu yule mzoefu. Hakimu alikueleza kosa, kama sheria inavyomtaka. Hakuna mtu pale kortini, si karani, si askari, si huyo mzoefu, aliyekwambia kwamba kwa neno moja la "ndiyo" umejinunulia hukumu itakayokungoja kwenye ofisi za waajiri. Kuna mwenzetu aliyekiri kuvunja kafyu ya 2020, akalipa faini, akasahau. Mpaka leo haombi cheti kwa sababu hataki kujua kama kosa lile limeandikwa au halikuandikwa. Amebaki kuishi na shaka, eti ni nafuu.

Mwingine kesi yake ilifutwa kabisa. Hakuhukumiwa. Shahidi hakuja, upande wa mashtaka ukaiondoa. Alipokwenda kutafuta cheti akaambiwa jina lake lina kesi, alete karatasi ya mahakama kuthibitisha ilivyokwisha. Akaenda kortini, faili haionekani. Akarudi, waliohusika wamehamishwa. Yeye ni fundi umeme, amezoea kufuata waya ndani ya ukuta mpaka aone ulipokatika, lakini huu anasema umemshinda.

Sasa tuje kwenye lile linalotuchoma zaidi. Ufundi wenyewe, wengi wetu hatukuupata mtaani. Serikali ndiyo iliyotufunza. Magerezani kuna karakana za useremala, za ushonaji, za vyuma, kuna mafunzo ya uashi, na baadhi ya walimu wake ni mabingwa ambao mtaani ungewalipa pesa nzito. Kuna mtu aliingia gereza la Shimo la Tewa hajui kushika randa, akatoka anaunga mbao bila msumari hata mmoja. Mfungwa hufanyishwa mitihani ya gredi ile ile wanayofanya mafundi wa nje, ile ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA: unaanza Gredi ya 3, ukifaulu unapanda ya 2, hatimaye ya 1. Mtahini hakupunguzii alama kwa kuwa umevaa sare ya jela, wala hakuongezei. Ukifaulu umefaulu.

Na kazi ya mikono ile nchi nzima inaitumia. Nambari za magari mnazoziona barabarani hutengenezwa ndani ya gereza la Kamiti. Meneja anayetukatalia kazi asubuhi, jioni anaendesha gari lenye nambari iliyopigwa chapa na mfungwa, mbele na nyuma. Nendeni Maonyesho ya Kilimo pale Mkomani mwone banda la magereza linavyojaa watu. Wanaume wanagonga vitanda kwa vifundo vya vidole kusikiliza mbao, wanawake wanavuta droo, wanasema, "Hiki cha jela ndicho, hakina uongo." Kitanda cha jela kinaaminiwa. Aliyekitengeneza akitoka, akaenda kuomba kazi ya kutengeneza kitanda kama kile kile, anaambiwa ni hatari. Tumejaribu kuielewa hesabu hii, na sisi ni watu wa vipimo, lakini haiji sawa.

Halafu mtu aulize, hamkuweka akiba huko ndani ya kuanzia maisha? Malipo ya mfungwa kwa siku yanahesabiwa kwa senti, si kwa shilingi. Tutoke nayo tukanunue nini, msumari?

Basi unatoka na gredi yako, unatafuta kazi. Tusimulie ya dada yetu mmoja, mshonaji. Alijifunza cherehani za umeme akiwa ndani. Alipotoka alisikia kiwanda kimoja cha nguo kinaajiri. Akaenda langoni alfajiri pamoja na mamia ya wengine, akafika mpaka kwenye mashine ya majaribio. Wakampa mikono ya mashati aunganishe. Msimamizi, mwanamke wa makamo, akasimama nyuma yake akimtazama, kisha akamwambia, "Mama, mkono wako nimeupenda. Jumatatu njoo na kitambulisho, PIN ya KRA na cheti cha tabia njema." Dada yetu akasema, "Asante, mama," akatoka, akapita kituo cha matatu akitembea kwa miguu kwa sababu hakutaka watu wamwone anavyolia. Jumatatu alikwenda hivyo hivyo, amebeba cheti chenye kosa lake, akidhani ukweli utamsaidia. Hakuonana tena na yule msimamizi. Alionana na kijana wa ofisini, akaambiwa, "Pole, dadangu. Si mimi, ni sera ya kampuni."

Sera ya kampuni! Hii sera tumeitafuta. Hatujawahi kuonyeshwa karatasi yake. Hakuna anayejua iliandikwa na nani, inasema makosa gani, ya miaka mingapi iliyopita, kwa kazi zipi. Inatajwa tu. Kwenye kampuni moja inamzuia mchomeleaji, kwenye nyingine ya jirani huyo huyo anapewa ajira ya miezi mitatu kwa sababu meneja yuko likizo na msaidizi wake hajui kama sera ipo.

Haki tuitendee pale inapostahili: mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa ili mwajiri asidai vyeti hivi kwa kila anayebisha hodi, mpaka awe anakusudia kukupa mkataba. Tulifurahi. Vijana wasiokuwa na kazi walikuwa wakitumia pesa kwa vyeti kabla hata ya kuitwa kwa mahojiano. Lakini kwetu mabadiliko yale yamesogeza tu ukuta kutoka langoni ukawekwa sebuleni. Sasa unafanya mahojiano, unafanya majaribio ya kazi, unasifiwa, unatajiwa mshahara, unamwambia mama yako. Ndipo cheti kinaombwa, na mwajiri akisoma kisichompendeza ana ruhusa ya kuiondoa ofa yake. Zamani tulikuwa tukikataliwa tukiwa bado na njaa. Siku hizi tunakataliwa sahani ikiwa mezani.

Na vidole je? Hili tutalisema japo litachekesha. Waashi na wapiga plasta miongoni mwetu, saruji imewala vidole. Ngozi ya ncha imekuwa laini, mistari haionekani. Mwenzetu mmoja wa Kisauni aliweka vidole kwenye mashine, ikakataa. Akavipangusa, ikakataa. Yule binti wa kituoni akamwambia kwa adabu, "Baba, nenda ukapumzike kazi, upake mafuta mikono, urudi baadaye." Apumzike kazi, ili apate cheti, ili apate kazi! Aliporudi siku nyingine, mashine ikamtambua na kosa lake likatoka zima zima. Saruji ilikuwa imefanya bidii ya kumfuta miaka yote hiyo, akaiharibia mwenyewe kwa mafuta ya nazi.

Wazee wetu wangeitambua habari hii. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilianza kutekeleza sheria yake ya 1915 ya kuwasajili wanaume Waafrika. Mtu alibeba kipande chenye alama za vidole vyake ndani ya kikebe cha chuma, kikining'inia shingoni, na mwajiri akiandika humo tarehe za kazi na mshahara. Usiposainiwa kwamba umeachiliwa, hakuna wa kukuajiri kwingine. Kipande kile kiliondolewa miaka ya arobaini na kitu baada ya watu kukipinga kwa miaka mingi. Sisi chetu hakining'inii shingoni, kiko kwenye kompyuta Nairobi, hakionekani na hakishiki kutu.

Lakini kuna jambo ambalo wenye sera hawataki kulisema, kwa hiyo tutalisema sisi. Cheti hakituzuii kuingia kwenye majengo yenu. Tumo humo tayari.

Fundi bomba wetu mmoja aliomba kazi katika hoteli fulani ya ufukweni. Nafasi ya kudumu, idara ya ukarabati, mshahara wa mwezi, chakula cha mchana, bima. Akakataliwa kwa sababu ya cheti. Sawa. Desemba, hoteli imejaa wageni, pampu ya maji ikafa usiku. Fundi wao wa kudumu, mwenye cheti safi, alikuwa kijijini kwao na simu haishiki. Mtu akamkumbuka huyu wetu. Akapigiwa: "Fundi, njoo haraka, wageni hawana maji!" Akaenda, akafunguliwa lango na bawabu yule yule, akapita koridoni katikati ya vyumba vya wageni vyenye masanduku na kamera na pasipoti, akashuka kwenye chumba cha pampu, akafanya kazi mpaka alfajiri. Akalipwa taslimu mkononi, bila risiti. Tangu siku hiyo huitwa mara kwa mara. Funguo za bohari anazijua zinapotundikwa. Ila kwenye vitabu vya hoteli hayupo. Akianguka kutoka kwenye ngazi hakuna bima, akiugua hakuna SHA iliyokatwa na mwajiri, akizeeka hakuna NSSF. Tuelezeni: ni usalama wa nani uliolindwa hapo? Masanduku ya wageni yako pale pale, fundi yuko pale pale. Kilichookolewa ni mshahara.

Mijengoni ni hivyo hivyo. Kampuni kubwa yenye tenda inadai vyeti kwa mafundi wake wote, na inavionyesha kwa mwenye mradi kwa fahari. Kisha kazi inagawanywa. Vyuma anapewa mkandarasi mdogo, yeye anampa foromani, foromani anatafuta watu maskani. Anatupata sisi. Anatujua, na ndiyo maana anatutaka. Mwenye cheti safi atadai bei ya soko, sisi anatutajia nusu, na tukiguna anatabasamu: "Haya, nendeni basi kwenye ofisi kubwa mkaombe." Tunashika vifaa. Jengo likiisha linafunguliwa na wakubwa, utepe unakatwa, na hotuba inasema limejengwa na wafanyakazi waliochujwa kwa makini.

Ubaya mwingine wa kazi ya namna hiyo ni siku kitu kinapopotea. Koili ya waya wa shaba imetoweka. Kuna vibarua arobaini pale, kuna madereva wa malori, kuna mlinzi, kuna mpwa wa foromani ambaye kila mtu anajua mambo yake. Nani anaitwa wa kwanza? Hatuhitaji kujibu. Mwenzetu mmoja aliitwa, akapekuliwa begi mbele ya watu, koili ikaja kuonekana chini ya mabati ilikowekwa na watu wa stoo wenyewe. Hakuombwa radhi. Mbaya zaidi, hakudai mshahara wake wa wiki ile, kwa sababu foromani alimwambia neno moja tu, "Mzee, wewe mwenyewe unajijua." Kwa neno hilo tumedhulumiwa pesa nyingi kuliko tulizowahi kuiba, tukijumlisha wote.

Mtatuambia: jiajirini, si nyinyi ni mafundi? Jua kali haiulizi cheti. Kweli haiulizi, na ndiyo iliyotulisha. Mama wa mtaani akitaka geti, hatazami karatasi. Anatazama geti ulilomfanyia jirani. Wengi wetu tungeishia hapo tukashukuru. Lakini geti la mama wa mtaani halitoki kila wiki, na hulipwa kidogo kidogo mpaka Ramadhani mbili zipite. Ukitaka kukua, unahitaji tenda, na ukitaka tenda unahitaji makaratasi. Serikali imetenga asilimia 30 ya manunuzi yake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na ni jambo jema. Waliotoka jela hawamo. Hatukutegemea kuwamo, maana hakuna mwanasiasa atakayepanda jukwaani Tononoka akasema anataka kuwapa kazi wafungwa wa zamani. Lakini angalau msitutume huko kana kwamba mlango uko wazi.

Wateja nao tunawaelewa. Unamwachia mtu usiyemjua nyumba yako, watoto wako shuleni, mke peke yake jikoni, lazima uogope. Na ni kweli wapo wa kwetu waliotoka, wakapewa nafasi, wakarudia yale yale, wakatuchafulia sote. Hao tunawalaani kuliko mnavyowalaani nyinyi, kwa sababu nyinyi mlipoteza televisheni, sisi tulipoteza mtaa mzima. Ila tuambiane ukweli: yule fundi aliyekula kianzio cha kabati lako akazima simu, yule aliyekwambia "kesho asubuhi, mama" kwa miezi miwili, yule aliyechanganya saruji na mchanga wa baharini mpaka ukuta ukatoa chumvi, cheti chake ni kisafi kabisa. Hajawahi hata kuitwa kituoni.

Tunachotaka si kikubwa. Hatusemi vyeti vifutwe. Aliyewadhuru watoto asipelekwe kufundisha watoto, hata ikipita miaka mia. Hilo hakuna kati yetu anayelipinga. Aliyehukumiwa kwa kuiba pesa za ofisi msimpe sefu. Lakini bangi ya mwaka 2004 inahusiana vipi na kuchomelea reli za ngazi? Ngumi za baa zinahusiana vipi na cherehani? Mwajiri asome kosa, aangalie kazi, aangalie miaka iliyopita, kisha aamue. Siku hizi hasomi. Anaona kuna maandishi mahali ambapo kwa wengine hapana maandishi, anafunga faili. Aliyefanya kazi ya jamii, akafagia uwanja wa chifu wiki mbili chini ya sheria ya 1998, na aliyevamia benki kwa bunduki, wote wawili wanaambiwa sera ya kampuni.

Waingereza, ambao ndio waliotuletea Kanuni ya Adhabu ya 1930, walikwisha kutunga sheria kwao mwaka 1974 kwamba makosa mengi, muda fulani ukipita mtu hajarudia, yahesabiwe yamekwisha, na kwa kazi nyingi za kawaida asilazimike kuyataja. Kazi nyeti waliziacha nje. Sisi tulirithi adhabu, tukabaki nayo kama walivyoiacha.

Kuna kazi moja tu nchini ambayo tumeona masharti yake yanatufaa. Someni Katiba ya 2010, kifungu cha 99. Anayezuiwa kugombea ubunge kwa sababu ya kifungo ni yule ambaye bado yuko chini ya kifungo cha miezi sita au zaidi wakati wa kujiandikisha au wakati wa uchaguzi. Aliyekwisha kumaliza chake, kipengele hicho hakimgusi. Na hata aliyehukumiwa, kama rufaa yake haijamalizika, hazuiwi. Kwa hiyo mtu anayekatazwa kubadilisha koki ya bafu hotelini anaweza kupigiwa kura akatunge sheria za hoteli zote. Wafungwa wenyewe walipiga kura ya rais mwaka 2017, wakiwa bado ndani. Kuchagua tunafaa, kuchaguliwa tunafaa. Kupaka rangi ndiko kunakohitaji uchunguzi.

Fundi rangi mmoja wa kwetu ameshaisoma habari hii mara nyingi, na ameanza kupiga hesabu za uwakilishi wa wadi kwa Agosti 2027. Kifungo chake alikimaliza zamani. Mabango atachora mwenyewe, gharama imepungua hapo. Tulimuuliza akishinda ataanza na lipi. Akasema ofisi ya wadi imechakaa, itahitaji milango, mabomba, waya, madirisha na rangi, na kazi yote atatupa sisi bila kuuliza cheti. Tukamwambia, "Yakhe, hiyo itakurudisha ndani." Akatujibu hana wasiwasi, mradi akate rufaa mapema.